Mwisho wa Picha ya Shamba la Zabibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilichekwa na ukumbi mzima mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Ilikuwa saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa pembeni mwa mji wa Kajiado. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili tupate giza. Mbele kulikuwa na shuka jeupe, nyuma kulikuwa na projekta inayonguruma kama mashine ya kusaga unga, na kando ya shuka nilikuwa mimi, na rinda langu jipya na kipaza sauti, najiona mtu. Kazi yangu ilikuwa kuwafasiria akina mama wale picha ya kigeni, neno kwa neno, kadiri watu wa kwenye shuka walivyokuwa wakizungumza. Ilikuwa picha ya nchi ya baridi. Mke na mume walikuwa wanagombana jikoni.

"Anasema amechoka," nikaanza. "Anasema, umechoka na nini? Anasema, nimechoka na wewe. Anasema, basi ondoka. Anasema, mtoto ni wangu pia."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono kama mtoto wa shule. "Wewe msichana, nani anasema?"

Wakaangua kicheko. Nikarudia sentensi ya mwisho, wakacheka zaidi. Mzungu ana neno moja la mwanamume na jingine la mwanamke, kwa hiyo karatasi za mazungumzo zilizokuja na ile picha zilieleweka vizuri kabisa. Kiswahili kinasema "anasema" tu, na Kimaasai hakinisaidii chochote hapo. Watu wa kwenye shuka wakigeuza mgongo, au wakisema haraka haraka, hujui maneno ni ya nani. Nilimaliza picha nzima bila mtu kujua ni nani aliyemwacha mwenzake.

Mkubwa wangu alikuwa Mratibu wa Programu ya Akina Mama, mama mrefu kutoka upande wa Nyeri, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilijua nimefutwa kazi. Alinisubiri nikunje shuka, kisha akaniambia, "Umewaambia kila kitu na hakuna kitu wameelewa. Wape majina. Mtu hana jina atagombana na bwana yake namna gani?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwabatiza. Kila mwanamke wa kwenye picha, awe wa kisiwani au wa milimani, alipata jina la hapa kwetu kabla projekta haijawashwa. Nilichagua majina ya usichana, na nilikuwa na sababu. Kwetu, mwanamke akishazaa haitwi tena kwa jina lake. Anaitwa kwa mtoto: Ngoto Sironka, yaani mama yake Sironka. Jina lake la zamani linabaki kwa mama mzazi na kwa rika lake. Nikajiambia kwamba majina hayo yamekaa bure, hakuna atakayeudhika nikiyaazima. Kumbukeni hilo, kwa sababu lilikuja kunitia aibu kubwa.

Nyinyi mnaotazama picha kwenye simu mkiwa mnakula chapati hamjui ilivyokuwa kazi. Picha ilikuja kwa rili, yaani utepe mrefu wa filamu uliozungushwa kwenye gurudumu la bati, na picha moja ilikuwa na rili tatu au nne. Rili ikiisha unasimama, unafunga nyingine, watu wanakohoa na kunyonyesha. Utepe ukikatika, mtaalamu ni Fundi. Huyu alikuwa Fundi Mwangi, dereva wetu na mwendesha projekta, mtu wa maneno machache na sigara nyingi. Alikata ncha mbili zilizoharibika, akazikwangua kwa wembe, akazipaka gundi, akazibana kwa vidole mpaka zishike. Kila mkato ulikula kipande kidogo cha picha. Kuna picha moja ambayo tuliionyesha mara nyingi hivi kwamba mwanamume aliyekuwa anapanda ngazi mwishowe alikuwa anaruka tu kutoka chini hadi juu, na akina mama wa Loitokitok walimpigia makofi.

Mratibu hakutaka picha za mapigano. "Hizo watapata kwingine," alikuwa akisema. "Mimi nataka mama amesimama mlangoni, hajui kama ataingia ama atatoka." Basi tukapata picha ndogo ndogo za nchi za mbali, zilizotengenezwa na watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao, na karibu zote zilikuwa za mwanamke aliye njia panda. Kulikuwa na mshonaji wa mji wa bandarini aliyepata barua kutoka kwa mtoto aliyemtoa alelewe na wengine akiwa mchanga. Je, amfungulie mlango? Kulikuwa na muuguzi ambaye mumewe anarudi kutoka jela, na yeye ameshazoea nyumba yake ikiwa kimya. Kulikuwa na msichana wa kisiwani aliyeitwa shule ya muziki wakati mama yake yuko kitandani.

Sikuwahi kuona wasikilizaji wakali kama wale. Rombo, kule mpakani, walimjadili yule msichana wa kisiwani kama kesi ya ukoo. "Kwani hana shangazi?" mmoja aliuliza. "Akienda kuimba, nani atachota maji?" Rongai, ambako wengi walikuwa wapangaji na wanawake wa kazi za mjini, walitaka kujua yule muuguzi nyumba ni yake au ni ya kupanga. Wakaambiwa ni yake. "Basi huyo bwana abishe hodi kama wageni wengine," wakasema, na suala likaisha. Lakini kila mahali kulikuwa na mama mmoja aliyekaa kimya akivuta ncha ya leso yake, na nilijifunza kumtambua mapema. Huyo ndiye picha ilikuwa inasema naye. Niliwapenda sana wanawake hao, hata kama sikujua majina yao.

Taabu yetu kubwa ilikuwa mifugo. Tulionyesha mchana kwa sababu akina mama hawangeweza kutoka jioni, na mchana wetu uliisha saa ile mbuzi wanaporudi na ndama wanaanza kulia. Hapo hata kama mwanamke wa kwenye shuka ana kisu shingoni, ukumbi unasimama. Rili ya mwisho ilibaki kwenye kopo lake. Ndipo nikaanzisha desturi ambayo mimi na Fundi tuliiita kusindikiza mwisho. Nilitembea na akina mama njiani kuelekea kwao, nikiwasimulia kwa mdomo yaliyobaki, mpaka wa mwisho aingie bomani kwake. Nimesindikiza miisho mingi mpaka viatu vikaisha soli.

Sasa nifike kwenye shamba la zabibu.

Ilikuwa picha ya nchi ya milima. Mwanamke wa makamo analima zabibu na mumewe mzee. Mume amepata mnunuzi wa shamba, na sheria ya kwao inataka mke pia akubali. Karatasi imewekwa mezani siku ya kwanza, na picha nzima ni hiyo karatasi kukaa mezani. Anapika, karatasi iko pale. Anafagia, iko pale. Katika rili ya tatu anatia sahihi, anafunga mlango, anapanda basi na kibegi kidogo, na ndiyo mara ya kwanza unamwona akitabasamu. Kwake yeye kusaini kulikuwa kufunguliwa. Alikuwa amezeekea kwenye shamba ambalo hakulichagua.

Tuliipeleka kwenye shule moja ya msingi katika nyanda za kati ya Isinya na Kitengela, siku zile Kitengela ikiwa bado vumbi na maduka machache. Ardhi ya pamoja ilikuwa imegawanywa, kila mzee ana kipande chake, na wanunuzi walikuwa wanapita kama nzige. Ili muuzaji apewe ruhusa, wazee wa bodi ya ardhi walitaka mkewe aje Kajiado akubali mbele yao. Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo kukubali kuliitwa kuweka kidole. Nami nilipofasiri ile picha nilisema hivyo hivyo: huyu mama anatakiwa aweke kidole. Na yule mama nikambatiza Nasieku.

Niliposema jina hilo mara ya kwanza, darasa lilinyamaza. Niliposema, "Nasieku anaitazama karatasi ya kuuza shamba," vichwa vyote viligeukia dirishani. Mama aliyekaa karibu nami akanivuta sketi. "Nasieku ni ule pale," akaninong'oneza. "Na hiyo karatasi iko kwao nyumbani. Na ule amekaa na yeye ni mama mkwe."

Dirishani alikaa mwanamke aliyenizidi miaka michache, mtoto mgongoni, macho kwenye shuka, hatingishiki. Katikati ya rili ya pili nikambadilisha mama wa zabibu jina, nikamwita Naisola, jambo ambalo halikumdanganya hata yule mtoto wa mgongoni. Watu walicheka chini chini. Kisha mbuzi wakalia kule nje, darasa likasimama, na siku hiyo hakuna aliyetaka kusindikizwa. Mama mkwe alipita mbele yangu na fimbo yake. "Mama Picha," akasema, "leo umetufanyia nini?"

Tulilala kwa mwalimu mkuu. Asubuhi, Fundi akiwa nje anafunga mitambo kwa kamba, nilitoka na kikombe changu cha chai nikamkuta Nasieku amesimama karibu na gari, na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Takwenya," nikamwamkia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. Hakutabasamu. "Wewe uliniita mbele ya watu."

Nilimwomba msamaha. Nilimweleza kwamba sikujua, kwamba nilidhani majina ya usichana hayana mwenyewe.

"Iko na mwenyewe," akasema. "Lakini sikukuja juu ya hiyo. Jana mbuzi iliingia. Niambie, yule mama aliweka kidole ama hakuweka?"

Nikamuuliza kwa nini anataka kujua, ingawa nilijua.

"Jumatano tunaenda kwa bodi. Mzee iko na mtu wa kununua. Anasema ni ya kupeleka Sironka college, na Sironka ni mtoto iko na kichwa, mimi naona hiyo. Nikisema hapana, Sironka haendi. Nikisema ndiyo, hawa watano wengine watasimama wapi?" Alimpigapiga mtoto wa mgongoni kwa mkono aliourudisha nyuma. "Sijalala siku nyingi. Sasa niambie."

Nitawaambia nilichokuwa nawaza, maana nimekuwa na miaka mingi ya kukifikiria. Mama yangu mzazi aliweka kidole nilipokuwa darasa la tano. Tulihamia chumba cha kupanga nyuma ya soko la mifugo Kajiado, na baba alizeeka akiwahesabu ng'ombe wa watu wengine wakipita. Nilimtazama Nasieku nikamwona mama. Sikumwona Sironka hata kidogo.

"Hakuweka," nikasema. "Aliichukua ile karatasi akairarua."

"Akairarua?"

"Vipande vipande."

"Na akakaa?"

"Akakaa kwake."

Alinitazama muda mrefu mpaka nikaangalia chai yangu. "Ashe," akasema, yaani asante. Akampa Fundi kile kibuyu, akaondoka kwa miguu.

Habari zilitufikia ofisini kabla ya mwezi kwisha. Nasieku alisimama mbele ya wazee wa bodi, mumewe kando yake, akasema hapana. Aliulizwa mara tatu. Mume alihamia kwa mke mdogo akamwachia boma. Sironka, ambaye alikuwa amepata nafasi chuoni, hakwenda. Alichukua nguo zake akavukia Tanzania kutafuta kazi ya machimbo, akaapa hatamwamkia mama yake tena. Fundi aliponisimulia habari ya Sironka nilikwenda chooni nikalia.

Kisha nikaenda kwa Mratibu nikamweleza yote. Alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Ulifasiri kitu ambacho hakiko kwa picha," akasema.

"Nilitaka kumsaidia."

"Sawa. Ukitaka kumshauri mtu, mshauri na mdomo yako. Mwambie, mimi naona hivi, kwa sababu mama yangu alifanya vile. Akikataa, akukatae wewe. Lakini wewe umejificha nyuma ya mama ya picha, hata hayuko hapa ajitetee."

Alinitoa barabarani miezi miwili, nikawa wa kupiga chapa barua. Sikumlaumu. Niliporudi kwenye gari nilikuwa na masharti mawili ambayo sikuyavunja tena: niliuliza kwanza kama jina lina mwenyewe mle ndani, na mwisho wa picha niliusema ulivyo, hata pale uliponichoma. Lakini sikurudi kwenye ile shule. Kila tulipopangiwa upande ule nilikuwa mgonjwa. Fundi alijua, alikuwa anawasha sigara tu na kutazama pembeni.

Miaka ilikwenda. Nilihamishiwa Loitokitok, nikakaa huko mpaka rili zikaisha na kaseti za video zikaingia, televisheni moja kwa akina mama sitini. Nikapelekwa Rongai, ambako tulionyesha Jumapili baada ya ibada. Mratibu alistaafu, Fundi akafariki, Mungu amrehemu, na programu yetu ikafungwa kwa barua ya kurasa mbili. Nilidhani na mimi nimeisha. Ndipo mwanamke mmoja kijana akafungua ukumbi mdogo wa picha hapa Kitengela, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akasikia kuna mama aliyewahi kufasiri. Alikuwa Mkurugenzi, ingawa alikuja ofisini na raba na mkoba wa mgongoni, na ndiye mkubwa wangu wa mwisho.

Kwake nilijifunza kazi mpya uzeeni: manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Hutumii sauti. Una mistari miwili tu, na kila mstari lazima usomeke kabla haujapotea, kwa hiyo unapima maneno kama chumvi. Tuligombana sana juu ya Sheng, lugha ya vijana wa mjini. "Shosh, hakuna mtu wa age yangu anasema 'nimeghadhabika'," aliniambia siku moja, shosh akimaanisha bibi. Nikamuuliza wanasemaje. "Nimeshikwa na hasira, ama nimekasirika vibaya." Tulikubaliana kwenye "nimekasirika". Picha zake zilikuwa zile zile nilizozijua: wanawake wa mbali, watengenezaji wadogo, mlango na mtu aliyesimama mlangoni. Jumamosi mchana vijana walijaa, na msichana mmoja wa benki aliniambia juma moja baada ya picha ya mwanamke aliyeacha kazi kumtunza baba yake kwamba siku ile alifika nyumbani akakaa kwenye ngazi saa nzima bila kufungua mlango. Nikajua wale wa kuvuta ncha ya leso bado wapo.

Nilipotimiza umri wa kupumzika, Mkurugenzi aliniambia nichague picha ya kuniaga. Nilitaja ya shamba la zabibu kabla sijafikiri. Aliitafuta kwa watu wake wa nje, ikaja kwenye kidude cha kompyuta, kidogo kama ukucha. Rili tatu zilizokuwa zikitutoa jasho mimi na Fundi kuzibeba! Niliandika manukuu kwa majuma mawili. Mama wa zabibu nilimwachia jina lake mwenyewe. Nilipofika kwenye sahihi nilirudisha picha nyuma mara tatu. Niliandika: "Nimekubali. Nipe kalamu." Nikaenda kulala na maumivu ya kichwa.

Mkurugenzi alialika akina mama wa mtaani pia, bila kuniuliza. Sikumtambua alipoingia. Niliona tu bibi mwembamba mwenye shanga shingoni, ameshikwa mkono na mjukuu wa kike wa shule ya upili. Walikaa nyuma. Kwa kuwa bibi hakujua kusoma, mjukuu alimsomea manukuu sikioni picha yote, na watu wa mbele waligeuka kuwakemea mara mbili, kisha wakawaachia. Mapazia yalipofunguliwa, watu wakatoka, wao wawili wakabaki wamekaa. Nilipokaribia, bibi akainua uso.

"Mama Picha," akasema. "Umezeeka vibaya."

Ndipo nikamtambua Nasieku. Nilikaa kwenye kiti cha mbele yake nikamgeukia. Mjukuu akaeleza kwamba wanaishi nyuma tu ya kituo cha mafuta, wajomba zake wamejenga pale pale, na shosh akisikia tangazo la picha alisema lazima aje. Ile nyika ilikuwa imefikiwa na mji. Kipande chake kilikuwa bado kipo, kati ya maghorofa.

Sikungoja tena. Nilimwambia, mbele ya mjukuu wake, kwamba nilimdanganya. Kwamba yule mama aliweka kidole, kama alivyosikia leo. Kwamba nilisema karatasi iliraruliwa kwa sababu ya mama yangu na chumba chetu cha kupanga. Na kwamba habari ya Sironka nimeibeba tangu siku niliyoisikia. Nililia, sioni haya kusema.

Aliniacha nimalize. "Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Hiyo asubuhi nilifika mapema. Wewe ulikuwa ndani unakunywa chai. Nikauliza ule bwana wa sigara. Akaniambia aliweka, akapanda basi, akacheka."

Fundi alikuwa amekwenda kaburini bila kuniambia. "Sasa kwa nini uliniuliza mimi?"

"Ule ni mwanaume. Nikasema wacha niulize mwanamke pia." Alicheka kidogo, meno machache yaliyobaki yakaonekana. "Wewe ukaniambia alirarua. Nikatembea mpaka nyumbani nikifikiria hiyo. Watu wawili wa gari moja, picha moja, mmoja ananiambia hivi na mwingine vile. Nikaona hata hawa watu wa kusoma hawajui. Nikaacha kuuliza watu."

"Kwa hiyo siyo mimi niliye..."

"Wewe? Hapana." Alisema bila ukali, kama unavyomwambia mgeni kwamba kiti hicho kina mwenyewe. "Nilikaa kwa mto mpaka jioni. Nikaangalia hiyo shamba. Nikasema hapana, na nilijua Sironka ataniacha. Nilijua."

Nikamuuliza kama amewahi kurudi.

"Alikuja kuzika baba yake. Alisalimia kila mtu kwa mkono, akaniruka." Mjukuu aliangalia chini. Nasieku akanyoosha mkono akaniwekea gotini. "Hiyo ni yangu, Mama Picha. Umeibeba kutoka lini? Iweke chini. Si yako."

Sijui kama mtaelewa kwamba nilifarijika na nilikasirika kwa wakati mmoja. Nimeishi nikidhani neno langu moja lilivunja nyumba ya watu. Nilihuzunika kwa hilo, lakini sasa naona pia nilijikweza kwalo. Katika huzuni yangu yote, Nasieku alikuwa mtu aliyedanganywa. Sikuwahi kumfikiria kama mtu aliyeamua. Kazi yangu nzima ilikuwa kuonyesha wanawake wakiamua, na huyu wa kweli, aliyesimama mbele yangu na kibuyu cha maziwa, nilimnyang'anya uamuzi wake nikauita kosa langu.

Sasa nimepumzika. Vijana wanaoandika manukuu pale ukumbini huja kuniuliza neno hili na lile, nami nawajibu, mara nyingine kwa ukali, kwa sababu wanaharakisha. Jumamosi mchana nakwenda kutazama kama watu wengine, nalipa kiingilio changu. Nasieku hukaa karibu nami. Mjukuu wake yuko chuoni, basi mimi ndiye ninayemsomea sikioni.

Juma lililopita ilikuwa picha ya mwanamke wa nchi ya mvua nyingi, mwenye tiketi mkononi na watoto wawili nyuma yake mlangoni. Niliwahi kuitazama. Alisimama pale kwenye mvua muda mrefu, bila neno, bila maandishi yoyote chini, na mimi, mzoefu wa kazi, nikainama nianze kumwambia Nasieku kitakachotokea. Akanibana mkono.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Wacha aamue."